Kofia Ngumu Haimzuii Mtu Kuanguka

Tangu ghorofa liporomoke Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, na kuua watu zaidi ya 20, ukitaja usalama wa ujenzi jijini Dar es Salaam watu wanakuelewa kwa namna moja tu: ghorofa kuanguka. Ilikuwa hivyohivyo Machi 2013, lilipoanguka jengo lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, na ikawa hivyo Nairobi baada ya jengo la Huruma kuanguka Aprili 2016. Kamati zinaundwa, wahandisi wanaitwa redioni, na kwa wiki mbili tatu kila mtu kijiweni anajua nondo ya milimita ngapi inafaa nguzo.

Ni mjadala wa maana, ila unamsahau fundi. Fundi na kibarua wake hawasubiri ghorofa lianguke ndipo wafe. Huyu aliteleza juu ya jukwaa akipiga plasta, yule alifukiwa na udongo ndani ya mtaro wa bomba, mwingine aliinua nondo ikagusa waya wa umeme. Wanakwenda mmoja mmoja, kila mtu na saiti yake, na kifo cha mtu mmoja hakiundiwi kamati. Kinachofuata, tena kama saiti ina mwenyewe anayejali, ni bango getini: BILA HELMETI HURUHUSIWI KUINGIA.

Bango hilo lina mchango mkubwa katika mkanganyiko ninaotaka kuufumua hapa. Wenye nyumba, mafundi, hata baadhi ya wakandarasi wamekuja kuamini kwamba usalama wa saiti ni kofia ngumu, kizibao kinachong'aa na buti, ukishavaa, umemaliza. Vifaa hivyo vina kazi yake, na nitaieleza. Lakini ndivyo vya mwisho kufikiriwa, na kwa ajali zinazoua zaidi kwenye ujenzi msaada wake ni mdogo.

Tuanze na maneno matatu

Hatari ni kitu au hali yoyote yenye uwezo wa kudhuru: shimo lililo wazi, waya uliochubuka, mfuko wa saruji, jua la saa nane, hata fundi mkuu anayewakimbiza watu ili slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, imwagwe kabla mvua haijanyesha. Hatari inaweza kukaa mahali mwaka mzima isimguse mtu.

Uwezekano wa madhara ni jambo jingine. Hapo tunauliza: mtu ana nafasi kiasi gani ya kuumia, na akiumia ataumia vipi? Chukua shimo la msingi la mita 3. Likiwa kona ya mbali ya kiwanja, nyuma ya uzio, ambako hakuna anayepita, uwezekano ni mdogo. Shimo lilelile likiwa kando ya njia ya wabeba karai, jioni, taa hakuna, hapo unahesabu siku tu. Shimo halijabadilika, kilichobadilika ni namna watu wanavyokutana nalo.

Kinga ni chochote tunachoweka kati ya hatari na mtu, na kinga hazilingani nguvu. Tuseme una kisima uani na watoto wanacheza hapo kila siku. Unaweza kukifukia, kama maji ya bomba yameshafika. Unaweza kukijengea ukuta na kukiwekea mfuniko wenye kufuli. Unaweza kuwakemea watoto wasisogee. Au unaweza kumvisha kila mtoto boya shingoni. Sijaona mzazi anayeanza na maboya, lakini saiti zetu nyingi zinaanza hapohapo na kuishia hapohapo.

Wataalamu wa usalama kazini wanafuata mpangilio huo wa kisima. Kwanza ondoa hatari kabisa. Ikishindikana, weka badala yake kitu chenye madhara madogo. Kisha itenganishe na watu kwa kizuizi. Kisha panga kazi vizuri na wafundishe watu. Mwisho kabisa ndipo wavae vifaa. Sababu ni kwamba kizuizi hakichoki wala hakisahau, wakati kofia inamtegemea mtu aivae, aifunge sawasawa, saa zote, hata jasho likimwingia machoni.

Kuanguka

Katika nchi nyingi zinazotunza takwimu, kuanguka kutoka juu ndiko kunakoongoza kwa kuua wajenzi. Wengi wanawaza ghorofa ya tano au ya kumi. Hesabu inasema tofauti. Mtu akianguka kutoka mita 3, yaani usawa wa lenta na dari la nyumba ya kawaida, anafika chini ndani ya sekunde moja isiyotimia, kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 6 kasi inakaribia kilomita 39. Hakuna muda wa kujishika wala wa kuchagua utatua vipi. Kwa hiyo kauli ya "hapa chini tu, mkanda wa usalama wa nini" ina nusu ya ukweli, na nitaifikia nusu hiyo.

Helmeti ilitengenezwa kupokea kitu kinachodondoka kichwani: kipande cha tofali, nyundo, kokoto. Kwa kazi hiyo ni kifaa kizuri sana, ivae. Mwili mzima unapokuja na kichwa kwenye zege inaweza kupunguza jeraha la fuvu, lakini shingo, uti wa mgongo na mbavu havimo ndani ya kofia.

Kinga ya kuanguka ni jukwaa lenyewe. Majukwaa yetu mengi ni ya mirunda na mbao zilizobaki kwenye fomu za slabu, na watu huilaumu miti. Mti mzima usio na ufa unabeba. Kasoro ziko kwingine: miguu ya jukwaa imesimama juu ya matofali yaliyopangwa au udongo uliolowa, mbao za kukanyagia hazijafungwa, ukikanyaga ncha yake upande wa pili unanyanyuka, jukwaa halijashikizwa ukutani, na upande wa nje uko wazi, hakuna reli. Reli moja usawa wa kiuno, karibu mita 1 kutoka unapokanyaga, nyingine katikati, na ubao mmoja miguuni. Mbao tatu. Ule wa miguuni wengi wanauona wa mapambo, kumbe ndio unaozuia tofali lisisukumwe na mguu likamwangukia aliye chini. Ubao huo ukiwepo, helmeti ya mtu wa chini inapata kazi chache.

Kuna mtego mwingine usiozungumzwa sana: matundu ya slabu, ya ngazi au ya kupitishia mabomba. Mtu mwema anaweka juu ya tundu kipande cha marine, yaani ubao wa plaiwudi, ili lisionekane baya. Kesho yake mwenzake anahitaji ubao, anakiona kipande kizuri kimelala bure, anakiinua kwa mikono miwili mbele ya uso wake, anapiga hatua moja mbele. Mfuniko ambao haujapigiliwa misumari na kuandikwa "SHIMO" ni mbaya kuliko kuliacha shimo wazi.

Sasa ule mkanda wa usalama. Kwanza, mkanda usiounganishwa na kitu ni vazi tu, na saiti zimejaa mafundi waliouvaa huku ndoano inaning'inia mgongoni. Pili, ukiunganishwa na mrunda wa jukwaa lilelile unalosimamia, jukwaa likilala mnalala pamoja. Tatu, na hapa ndipo ile nusu ya ukweli ilipo, mkanda una hesabu yake. Kamba ya mita 2 yenye kipunguza mshtuko hurefuka zaidi ya mita 1 inapokushika, halafu ongeza urefu wa mwili wako unaoning'inia chini ya kamba. Inahitaji nafasi ya mita 5 hadi 6 chini ya pale ndoano ilipofungwa ili isikufikishe ardhini. Kwenye jukwaa la mita 3 mkanda wa aina hiyo hauokoi mtu. Reli inaokoa.

Udongo, na shimo la choo

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 au zaidi, na ukilowa unaongezeka. Ndio maana mtaro unaoonekana wa kawaida unaua. Imani iliyoenea ni kwamba aliyefukiwa hadi kifuani yuko salama maadamu kichwa kiko nje. Hayuko salama. Kila anapotoa pumzi kifua kinashuka, udongo unajaza nafasi iliyopatikana, na anapotaka kuvuta hewa kifua hakina pa kutanukia. Anaweza kufa kwa kukosa pumzi huku anatazamana na wenzake.

Kina gani ni cha kuogopa? Sheria za Marekani zinadai kuta za mtaro zizuiwe zisiporomoke unapofika futi 5, karibu mita 1.5, isipokuwa kama ni mwamba mtupu. Kwa mchanga wa sehemu kubwa ya Dar es Salaam ningeogopa mapema zaidi ya hapo. Kinga zake zinajulikana na hazihitaji mtambo: ukichimba, laza kuta badala ya kuzisimamisha wima, au zishikilie kwa mbao na mirunda ya kukingama, kifusi kisirundikwe ukingoni, kisogezwe angalau hatua moja, kwa sababu uzito wake ndio unaosukuma ukuta, na ngazi iwe ndani ya mtaro muda wote. Mvua ikinyesha usiku, udongo uliokuwa mgumu jana uchukulie kama mgeni.

Shimo la choo na kisima vina ubaya wa aina yake. Habari zake zinafanana kila mwaka: kibarua ameingia kutoa tope au kuokota ndoo, ameanguka, nduguye ameingia kumtoa, ameanguka, jirani naye akafuata. Watu watatu wanne kwa shimo moja, na mtaani maneno ya uchawi yanaanza. Kilichotokea ni hewa. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Ndani ya shimo lililofungwa lenye uchafu unaooza, oksijeni huliwa na gesi nyingine huchukua nafasi. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10 mtu huzimia ndani ya muda mfupi mno, bila kukabwa wala kukohoa. Hapati hata nafasi ya kuita. Gesi ya salfa inayonuka kama yai viza ni mbaya zaidi, kwa sababu ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa. Unasema "harufu imeisha, sasa pako salama", kumbe ndipo imekuwa nyingi. Na wapo wanaoteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima ili kuvuta maji karibu. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na kisima kinakuwa chumba cha gesi.

Wazee wana kipimo cha mshumaa au koroboi: ikizimika, usiingie. Ikizimika, kweli usiingie. Lakini ikiendelea kuwaka haijathibitisha kitu, maana moto unaweza kuwaka vizuri ndani ya hewa yenye sumu, na kama kuna gesi ya methani, moto huo ndio utakaolipua shimo. Kinga ya kwanza ni kutoingia: lori la kunyonya majitaka linafanya kazi hiyo kwa bomba. Kama lazima mtu aingie, hewa ipimwe kwa kifaa, feni isukume hewa safi hadi chini, pampu ibaki juu, na anayeingia afungwe kamba ambayo ncha yake iko kwa watu walio nje. Akizimia, avutwe kwa kamba. Asiingie mtu.

Umeme na zege

Hapa nitapita haraka. Waya za barabarani za kilovolti 11 na 33 kwa kawaida hazina ngozi ya mpira. Ziko uchi, na kinachozikinga ni umbali. Nondo ya mita 12 ikisimamishwa wima inafika huko kirahisi, na kwa nguvu hiyo umeme unaweza kuruka kabla nondo haijagusa. Gambuti za bei ya kawaida hazikukingi. Kwenye umeme wa nyumbani, mkono ukishika kitu chenye mkondo wa karibu miliampia 10 misuli hukaza na mtu hawezi kuachia. Ndio sababu mtu "anavutwa". Kifaa kinachokata umeme unapovuja, kile cha miliampia 30, kingepaswa kuwa kwenye kila saiti yenye grinda na mashine ya kuchanganyia zege. Aliyenaswa usimshike. Kata umeme kwanza.

Zege linahitaji maneno machache zaidi, kwa sababu linaunganisha ajali za fundi na ajali za ghorofa. Slabu ya unene wa sentimita 15 na ukubwa wa mita za mraba 100 ina zege la mita za ujazo 15. Kwa kilo 2,400 kila moja, hizo ni tani 36, na siku ya kumwaga zote zinabebwa na mirunda, pamoja na watu walio juu yake. Zege halipati nguvu kwa kukauka kama nguo kambani. Linahitaji maji na muda. Nguvu yake hupimwa rasmi siku ya 28. Siku ya 7 huwa limefikia takriban theluthi mbili, tena kama limemwagiliwa. Mirunda ya kukodi inahesabiwa siku, kwa hiyo mwenye nyumba ana sababu ya kuitoa mapema, na anayeingia chini kuigonga kwa nyundo ni kibarua wa bei ya chini kabisa pale saitini. Sijui kazi nyingine ambayo aliyeamua na anayelipia uamuzi wako mbali hivyo.

Maziwa hayaoshi mapafu

Ajali zinaonekana, zinapigwa picha. Magonjwa hayaonekani. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi, na kati yao ajali ni kama 330,000 tu. Waliobaki wanauawa na magonjwa. Hesabu hiyo ni ya kazi zote, si ujenzi peke yake, lakini fundi anayekata terazo bila maji ana sehemu yake humo.

Vumbi la mawe, zege, matofali na vigae lina madini yaitwayo silika. Chembe zinazoonekana kwenye mwanga wa dirisha si za kuogopa sana, nyingi hukwama puani na kooni. Zinazoua ni zile ndogo zisizoonekana, zinazofika mwisho wa mapafu na kuacha makovu. Makovu hayo hayaponi, na huendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Mwenye ugonjwa huo pia hupata kifua kikuu kirahisi, na dalili zinafanana, hivyo wengi hutibiwa TB bila mtu kuuliza walikuwa wanafanya kazi gani.

Sasa maziwa. Kila saiti ina mtu atakayekuambia pakiti moja jioni inasafisha vumbi lote, na wapo waajiri wanaojivunia kuyagawa. Maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Njia hizo mbili zinaachana kooni na hazikutani tena. Maziwa ni chakula kizuri kwa mtu aliyebeba zege kutwa nzima, mpe, lakini usiyahesabu kama kinga. Kinga ni maji: ukikata kigae au zege huku maji yanamwagikia diski, vumbi linakuwa tope. Fagio kavu nalo liachwe, nyunyiza kwanza. Barakoa ya kitambaa, au leso iliyofungwa puani, inapitisha chembe zilezile zinazoua. Inayofaa ni yenye kichujio cha chembe ndogo, inayobana uso pande zote.

Saruji nayo wanaichukulia kama unga. Ikilowa ina ukali wa aina ya magadi makali, na ubaya wake ni kwamba haiumi mara moja. Fundi anapiga magoti kwenye zege bichi kwa muda wa saa mbili, suruali imelowa, hasikii kitu. Usiku ngozi inaanza kuwaka na asubuhi magoti yameungua. Kunawa kwa maji mengi mapema na kuvua nguo iliyolowa kunamaliza jambo ambalo glavu zilizojaa zege kwa ndani hulifanya kuwa baya zaidi.

Jua linawahusu zaidi ndugu zetu walioko Ghuba. Oman inakataza kazi za nje juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Juni hadi Agosti. Qatar, tangu 2021, inaanza katazo saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, Juni 1 hadi Septemba 15. Kwetu jua si kali kiasi hicho, ila mtu anayechanganyikiwa maneno na ngozi yake ni moto hajalewa. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mtafutie hospitali.

"Siku yake ilikuwa imefika"

Kauli hii husemwa msibani, na msibani ina heshima yake. Tatizo ni inapohamia saitini na kuwa jibu la kwa nini jukwaa halina reli. Waislamu wanayo hadithi mashuhuri ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga akimtegemea Mungu, akajibiwa amfunge kisha ategemee. Nadhani hiyo inatosha, sitaingia zaidi kwenye mambo ya imani.

Kuna ndugu yake kauli hiyo: "Mimi fundi wa miaka ishirini." Uzoefu unamfundisha mtu kazi, lakini pia unamzoesha hatari. Aliyepita juu ya ubao mmoja mara elfu bila kuanguka hajathibitisha kwamba ubao ni salama.

Nani anawajibika, na nani analipa

Hata kifupisho cha OSHA kinachanganya watu. Tanzania Bara, OSHA ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wenye wakaguzi, unaosimamia sheria ya mwaka 2003. Kenya, OSHA ni jina la sheria yenyewe ya mwaka 2007, na wanaoisimamia ni kurugenzi inayojulikana kama DOSHS. Ya Marekani, ambayo mabango yake mengi tunayaona mtandaoni, haina mamlaka huku. Bodi ya makandarasi Tanzania na mamlaka ya ujenzi Kenya zina kazi nyingine: zinasajili wanaojenga na kusimamia sifa zao.

Katika nchi zote mbili, vifaa vya kujikinga vinatolewa na mwajiri kwa gharama yake. Fundi mkuu anayekata pesa ya helmeti kwenye posho ya kibarua anavunja sheria. Kenya sheria inakwenda mbele kidogo: mfanyakazi aliyeondoka mahali kwa sababu za msingi za kuamini maisha yake yamo hatarini haruhusiwi kufukuzwa kwa ajili hiyo, na hatakiwi kurudishwa hapo hadi hatari ishughulikiwe. Najua jinsi haki hiyo inavyosikika kwa deiwaka anayelipwa jioni na kuambiwa kesho usije. Ipo, hata hivyo, na watu wakiwa kumi wakigoma kupanda jukwaa moja bovu, jukwaa hutengenezwa.

Uvumi unaowaumiza wengi ni kwamba kibarua hana fidia. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Michango inalipwa na mwajiri peke yake, hairuhusiwi kukatwa kwenye ujira. Mfuko unagharimia matibabu, unalipa asilimia 70 ya kipato kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, unalipa ulemavu wa kudumu, mazishi na wategemezi wa marehemu. Kenya, sheria iitwayo WIBA inamlazimu mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Kote huku aliyeumia halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Hili ndilo watu wasilolijua, wanakaa kimya kwa kudhani kosa lilikuwa lao.

Ugumu wenyewe unaanza pale nyumba inapojengwa na mtu binafsi. Mwenye nyumba amempa kazi fundi mkuu kwa mdomo, fundi mkuu ameita mafundi wawili, nao wamekuja na saidia fundi wao, yule Wakenya wanayemwita mtu wa mkono. Mtu akianguka kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake. Maswali yanayosaidia ni matatu: nani aliyekuita, nani anayekulipa, nani anayekuelekeza kazi? Majibu yanahitaji ushahidi, na ushahidi wa kibarua uko kwenye simu yake. Ujumbe wa malipo usifutwe. Piga picha ya bango la saiti lenye jina la mkandarasi siku ya kwanza unapofika, na uhifadhi namba za wenzako wawili.

Muda nao una mipaka. Tanzania na Kenya mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa ya ajali, na Kenya kifo kinatakiwa kimfikie ofisa wa usalama ndani ya saa 24. Aliyeumia ana miezi 12 ya kuwasilisha madai. Familia nyingi zinaimaliza miezi hiyo zikisubiri ahadi ya mwenye nyumba kwamba "tutaongea".

Na kuna pale mapokezi ya hospitali. Majeruhi amefikishwa na fundi mkuu, na njiani ameombwa aseme ameanguka nyumbani, wasije wakaguzi. Anakubali kwa sababu mwenzake ndiye aliyelipa bajaji na ndiye atakayelipa dawa. Daktari anaandika alichoambiwa, na karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa kwanza siku atakapodai fidia ya mguu wake. Ukimsindikiza mwenzako, hakikisha neno "kazini" limeandikwa, pamoja na jina la saiti na saa aliyoanguka.